Ni mapenzi ya Mungu au breki zilifeli? Tuelewane taratibu kuhusu mwili dhaifu na kujisalimisha

Kila basi likipinduka komenti zinakuja za aina mbili. Kundi la kwanza linaandika kazi ya Mungu haina makosa, wapumzike kwa amani. Kundi la pili linaandika dereva alikuwa anakimbiza, gari bovu limeachiwaje barabarani, na wote wanapata laiki za kutosha, tena unakuta mtu mmoja kalaiki zote mbili. Wiki hiyohiyo msanii kafumaniwa, anatoka kuomba radhi, anasema jamani mimi ni binadamu, roho i radhi lakini mwili ni dhaifu, anapigiwa makofi. Halafu Jumapili mtumishi kashika maiki anasema mtoto wa Mungu haumwi, ukiona unaumwa kagua imani yako.

Sasa mtu aliyelelewa kanisani kawaida tu, awe Mlutheri, Mkatoliki, Msabato au Mlokole, anabaki kichwa kinamuuma. Udhaifu ni dhambi au siyo dhambi? Kujisalimisha kwa Mungu maana yake nikae nisubiri? Na hayo mapenzi ya Mungu tunayoyataja kila siku ni yapi hasa, maana mbona kila mtu ana yake.

Tuanze na maneno yenyewe, ugomvi mwingi unaanzia hapo.

Udhaifu kwenye mafundisho ya Kikristo si kitu kimoja. Kuna ule tuliozaliwa nao tu kwa sababu ni viumbe, tunachoka, tunasinzia, tunaumwa, tunazeeka, hatujui kesho kutatokea nini. Huo si dhambi hata kidogo na hauhitaji kutubiwa. Yesu mwenyewe alichoka safari akakaa kisimani Samaria akaomba maji, na kwenye mashua alilala hadi wanafunzi wakamwamsha. Halafu kuna udhaifu wa nia, ule wa kujua kabisa jambo jema ni hili na bado ukafanya lile lingine. Hapo ndo dhambi inapata mlango. Paulo kauandika vizuri kwenye Warumi 7, lile jema nilipendalo silitendi, bali lile baya nisilolipenda ndilo nilitendalo, na ukimsoma unaona ni mtu anayejishangaa, hajitetei.

Mapenzi ya Mungu nayo yana pande mbili ambazo walimu wa dini wamezitenganisha tangu zamani. Kuna anachokiagiza, usiibe, usiue, mpende jirani yako. Na kuna anachokiacha kitokee, hata kama hakukiagiza na hakipendi. Umeibiwa simu kwenye daladala, ni kweli Mungu hakumzuia yule kijana mkono, lakini ni Mungu huyohuyo aliyesema usiibe, kwa hiyo huwezi kusema alitaka uibiwe. Ukishachanganya pande hizi mbili umeshamfanya Mungu mshirika wa mwizi, na ndo kosa kubwa linalofanyika kwenye zile komenti za ajali.

Kujisalimisha, au kunyenyekea chini ya mapenzi yake, maana yake ni kumwachia Mungu neno la mwisho kwenye maisha yako ukiwa na akili zako timamu. Kuacha kuwa na akili ni jambo lingine kabisa.

Hebu twende Gethsemane, maana hakuna sehemu kwenye Biblia ambapo udhaifu na kujisalimisha vimekaa karibu hivi. Usiku, baada ya chakula cha Pasaka, Yesu anaenda bustanini chini ya mlima wa Mizeituni na wanafunzi, anawatenga watatu, Petro na wana wawili wa Zebedayo, anawaambia roho yangu ina huzuni nyingi kiasi cha kufa, kaeni hapa mkeshe pamoja nami. Hapo tu pana somo, anaomba kampani. Anasogea mbele kidogo, anaanguka kifudifudi, anasema Baba yangu, ikiwezekana kikombe hiki (yaani mateso yaliyokuwa yanamsubiri) kiniepuke, walakini si kama nitakavyo mimi bali kama utakavyo wewe. Anarudi anawakuta wamelala, anamuuliza Petro hukuweza kukesha pamoja nami hata saa moja. Anaenda tena, anarudi, wamelala tena, Mathayo anasema macho yao yalikuwa mazito. Anaenda mara ya tatu, anaomba maneno yaleyale.

Angalia mpangilio wake. Hakuanza na "mapenzi yako yatimizwe". Alianza na ombi lake, wazi kabisa, sitaki hiki kikombe, na kalirudia mara tatu. Kwa hiyo yule anayekwambia ukishaomba mara moja usirudie maana kurudia ni kukosa imani, mwambie akasome Mathayo 26 vizuri. Na yule anayesema kumwambia Mungu unachokitaka ni kukosa unyenyekevu, naye akasome hapohapo. Kujisalimisha kunakuja mwisho, kwa mtu aliyekwisha kusema ukweli wa moyo wake, na ukiruka hiyo hatua ya kwanza unachompa Mungu ni maneno tu uliyoyakariri.

Swali la kama Yesu pale alikuwa na nia yake ya kibinadamu lilishawahi kumwaga damu, si utani. Karne ya 7, huko kwenye dola ya Roma ya Mashariki, wakubwa wa serikali na baadhi ya viongozi wa kanisa walitaka kumaliza mgawanyiko kwa kufundisha kwamba Yesu alikuwa na nia moja tu, ile ya Mungu. Ilikuwa na faida ya kisiasa, kuwaunganisha watu. Mtawa mmoja mzee aliyeitwa Maksimo akagoma, hoja yake ukiirahisisha ni kwamba kama Yesu hakuwa na nia ya kibinadamu basi pale bustanini alikuwa anaigiza, na kama alikuwa anaigiza basi hakuna mtu aliyewahi kumtii Mungu kwa niaba yetu. Wakamshitaki, wakamkata ulimi na mkono wa kulia asiweze kusema wala kuandika, wakampeleka uhamishoni maeneo ya Georgia ya leo, akafia huko mwaka 662. Miaka kama 20 hivi baadaye, mwaka 680 hadi 681, mtaguso wa Konstantinopoli, yaani mkutano mkuu wa viongozi wa kanisa, ukaamua kumbe mzee alikuwa sahihi, Kristo ana nia mbili, ya Mungu na ya mtu, na ile ya mtu inaitii ile ya Mungu bila kufutwa. Bila kufutwa, hilo ndo la kukumbuka. Wakatoliki, Waorthodoksi na makanisa mengi ya Kiprotestanti wanalishika hilo mpaka leo, ingawa padri au mchungaji wako anaweza asikutajie Maksimo hata siku moja.

Turudi sasa kwa msanii wetu na mwili wake dhaifu. Ile sentensi imetoka palepale bustanini, Mathayo 26:41, na aliyeambiwa ni Petro aliyekuwa anasinzia. Lakini watu wanainukuu nusu. Mwanzo wake ni kesheni, mwombe, msije mkaingia majaribuni, ndipo inafuata roho i radhi lakini mwili ni dhaifu. Ni onyo lililotolewa kabla jambo halijatokea, kwamba kwa sababu mwili ni dhaifu chukua hatua sasa hivi. Sisi tunaitumia baada ya tukio kama risiti. Petro mwenyewe hakuitumia hivyo. Saa chache mbele alimkana Yesu mara tatu, jogoo akawika, na badala ya kusema si ulisema mwenyewe mwili ni dhaifu, akatoka nje akalia kwa majonzi.

Ila tusiwe wakali sana upande wa pili, maana kuna watu wakisikia hivyo wanahitimisha basi ni suala la kukaza tu, ukiamua unaweza. Huo nao ni mjadala wa zamani. Mwanzoni mwa karne ya 5 mtawa wa Uingereza aliyeitwa Pelagio alifundisha, kwa kifupi, kwamba mtu anaweza kuishi bila dhambi kwa kuamua mwenyewe, Mungu keshatoa amri na mfano, vilivyobaki ni bidii yako. Agostino, askofu wa Hippo huko Algeria ya leo, akampinga vikali, akisema hata kule kutaka jema kwenyewe tunahitaji kusaidiwa. Kanisa likaegemea kwa Agostino, mtaguso wa Karthago mwaka 418 ukakataa mafundisho ya Pelagio. Makanisa yanatofautiana mpaka leo mtu ana mchango kiasi gani, na hapo Walutheri, Wakatoliki na Wapentekoste wanaweza kukesha wakibishana, ila wote wanakubaliana bila neema hutoboi.

Nikuwekee hivi. Mtu kavunjika mguu. Mmoja anasema sijavunjika mimi, anajikaza kutembea, mfupa unaungana vibaya. Wa pili anasema ndiyo nimevunjika, basi, anabaki kitandani miaka. Wa tatu anakubali kavunjika, anamwachia daktari aunyooshe mfupa, na analia kweli maana inauma, anafungwa P.O.P, halafu ikitolewa anaanza mazoezi ya kutembea anachechemea hivyohivyo. Pelagio anafundisha kama yule wa kwanza. Msanii wetu ni wa pili. Mafundisho ya Kikristo yanamtaka huyu wa tatu, na ukimwangalia vizuri utaona kujisalimisha kwake kumemuongezea kazi.

Sasa tuje kwa yule wa maiki, mtoto wa Mungu haumwi. Huyu tatizo lake kubwa ni Paulo. Kwenye 2 Wakorintho 12 Paulo anasema alipewa mwiba katika mwili, mjumbe wa Shetani ili ampige. Wasomi wamekisia sana huo mwiba ulikuwa nini, wengine wanasema macho kwa sababu ya maneno yake kwa Wagalatia, wengine malaria, wengine wanasema ni watu waliokuwa wanampinga, yeye hakutaja. Alichotaja ni kwamba alimsihi Bwana mara tatu umtoke, mara tatu tena kama kule bustanini, na jibu likawa neema yangu yakutosha, maana uweza wangu hutimilika katika udhaifu. Mwiba ukabaki. Na huyu ndiye ambaye Matendo ya Mitume 19 inasema leso zilizogusa mwili wake zilipelekwa kwa wagonjwa wakapona! Kama suala ni kiwango cha imani, Paulo alipungukiwa nini?

Tena huyohuyo Paulo alimwacha Trofimo Mileto akiwa mgonjwa, akaandika bila aibu. Timotheo alikuwa anaumwa tumbo na magonjwa ya mara kwa mara, Paulo hakumwambia kiri ushindi, alimwambia usinywe maji tu, tumia mvinyo kidogo kwa ajili ya tumbo lako, yaani ushauri wa dawa kwa enzi zile. Luka, aliyekuwa anasafiri naye, anamwita tabibu mpendwa. Kwa hiyo hospitali na maombi havijawahi kuwa timu mbili pinzani, sisi ndo tumezifanya. Mwaka 2011 Tanzania tuliona watu wanatoka vitandani hospitalini kwenda Samunge kule Loliondo kunywa kikombe cha dawa ya mitishamba ya Babu kwa shilingi 500, foleni ya magari kilomita na kilomita, wapo waliofia njiani na wapo walioacha dawa za kufubaza virusi vya Ukimwi kwa sababu wameshapona kwa imani. Waliokwenda siwacheki, mtu mwenye maumivu atajaribu chochote. Nachosema ni kwamba kuacha dawa hakuthibitishi umejisalimisha, na kuendelea kumeza dawa hakuthibitishi umeshindwa kuamini.

Kuna na maneno ambayo tumeyafanya Biblia na hayamo. "Kazi ya Mungu haina makosa" haipo kwa maneno hayo, iliyo karibu ni Kumbukumbu 32:4, kazi yake ni kamilifu, na pale Musa anamsifu Mungu kwa haki yake, haongelei ajali ya mtu aliyeendesha amelewa. "Jisaidie nami nitakusaidia" haipo popote, tafuta mpaka kesho. Na hii ya kumwambia mfiwa "Mungu hampi mtu mzigo asiouweza" imetolewa 1 Wakorintho 10:13, ambapo habari ni majaribu ya dhambi, Mungu hatawaacha mjaribiwe kupita mwezavyo, na atafanya mlango wa kutokea. Kuhusu mizigo ya maisha Paulo kaandika kitu tofauti kabisa, barua ya pili sura ya 1, tulilemewa mno kuliko nguvu zetu hata tukakata tamaa ya kuishi. Kuliko nguvu zetu! Kwa hiyo ukizidiwa usidhani umefeli mtihani ambao wengine wanafaulu.

Na ajali? Yesu aliongelea kitu kama hicho kwenye Luka 13. Mnara wa Siloamu ulianguka ukaua watu 18. Yeye mwenyewe ndiye aliyeutaja, akauliza mnadhani hao walikuwa wakosaji kuliko watu wote wakaao Yerusalemu, akajibu sivyo, kisha akawageuzia swali waliokuwa hai, tubuni. Hakusema mnara ulianguka kwa mapenzi ya Mungu na hakusema waliokufa walistahili. Kwa hiyo lile kundi la pili la komenti, la breki na mwendo kasi, halimkosei Mungu heshima. Sheria ya Musa yenyewe, Kumbukumbu 22:8, inaagiza ukijenga nyumba mpya weka ukuta kidogo kuzunguka dari, yaani paa bapa la juu, ili mtu akianguka usiilete damu juu ya nyumba yako. Ukiacha kuweka huo ukuta mtu akaanguka, Torati inakuhesabia wewe.

Kulalamika nako wengi tunadhani ni uasi. Ayubu anapendwa kwa ile sura ya 1, Bwana alitoa na Bwana ametwaa, inasomwa kila msiba. Watu hawaendelei. Sura ya 3 anailaani siku aliyozaliwa, na sura zinazofuata anamshitaki Mungu kabisa, anadai nafasi ya kujitetea mbele zake. Rafiki zake ndo walikuwa wanatetea Mungu kwa maneno mazurimazuri ya dini. Mwisho wa kitabu Mungu anamkalisha Ayubu chini kwa maswali mazito kweli, lakini waliowakiwa hasira ni wale rafiki, anawaambia hamkunena yaliyo sawa katika habari zangu kama alivyonena mtumishi wangu Ayubu.

Sehemu inayoniuma mimi zaidi ni hii ya watu kukuhubiria ujisalimishe kwa Mungu halafu kumbe wanataka ujisalimishe kwao. Shakahola, kaunti ya Kilifi nchini Kenya, kuanzia mwaka 2023, msituni ilifukuliwa miili zaidi ya 400, wakiwemo watoto wengi, watu ambao kwa mujibu wa waendesha mashtaka walifundishwa wafunge mpaka wafe ili wakutane na Yesu. Mhubiri anayeshitakiwa amekana mashtaka na hilo ni la mahakama. Ila mafundisho yenyewe yapimwe kwa Gethsemane, pale aliyekunywa kikombe ni mwenye kuomba mwenyewe, hakukaa pembeni akawanywesha watoto wa wenzake.

Na kuna lile la majumbani. Mama anapigwa, anaenda kwa wazee wa kanisa, anaambiwa vumilia, huo ndo msalaba wako. Hapana jamani. Msalaba ambao Yesu anausema Luka 9:23 ni ule mtu anaojitwika kila siku kwa kumfuata yeye, ngumi za mume mlevi hazimo kwenye hilo andiko. Anayepiga anavunja alichokiagiza Mungu, na kumtuliza anayepigwa ni kumsaidia anayepiga. Sijawahi kusikia wazee wanamwambia mwanaume naye avumilie hasira zake ndo msalaba wake.

Kumnyenyekea Mungu kuna wakati kunamsimamisha mtu mbele ya wakubwa. Janani Luwum wa Uganda ni mfano wa hapahapa kwetu. Aliokoka mwaka 1948 kwenye ule uamsho ulioanza Rwanda na Uganda na kuenea hadi Kagera na Kenya, uamsho ambao alama yake ilikuwa watu kusimama mbele za wenzao kukiri udhaifu wao kwa majina, niliiba, nilimchukia fulani, na kurudisha walichochukua. Yaani shule yake ilikuwa ya kuvunjika. Huyo aliyefundishwa kuvunjika ndiye akiwa askofu mkuu alisaini na maaskofu wenzake barua ya kumpinga Idi Amin kuhusu mauaji, Februari 1977. Tarehe 16 mwezi huohuo akauawa. Serikali ikatangaza ni ajali ya gari.

Swali la mwisho ambalo vijana wanauliza sana, nitajuaje mapenzi ya Mungu kwangu, huyu ndo mke, hii ndo kazi, nisafiri Dubai au nisisafiri, na wengine wanafunga siku kadhaa wakisubiri ndoto. Kuomba uongozwe ni sawa kabisa. Ila ukisoma Agano Jipya, mara nyingi yanapotajwa mapenzi ya Mungu hayatajwi kama fumbo la kuagua. Paulo kwa Wathesalonike anasema haya ndiyo mapenzi ya Mungu, kutakaswa kwenu, mwepukane na uasherati. Anasema shukuruni kwa kila jambo. Petro anasema mtende mema mzibe vinywa vya wapumbavu. Haya yote unayajua kabla hujaota.

Yakobo ndo kaliweka vizuri zaidi, sura ya 4. Kuna wafanyabiashara wanapanga, leo au kesho tutaingia mji fulani tukae mwaka mzima tufanye biashara tupate faida, anawaambia ninyi hamjui hata yatakayokuwako kesho, ni mvuke tu, semeni Bwana akipenda tutakuwa hai na kufanya hivi au hivi. Hakuwaambia wafunge duka. Na endelea kusoma, maana mistari michache mbele, mwanzo wa sura ya 5, anawageukia matajiri wenye mashamba, anasema ujira wa vibarua waliovuna, ule mliouzuia kwa hila, unapiga kelele, na kilio chao kimemfikia Bwana wa majeshi. Kwa hiyo bosi aliyekaa na mshahara wa dada wa kazi miezi mitatu, kila akiulizwa anajibu Mungu akipenda mwezi ujao, jibu la Mungu ameshalipata, liko Yakobo 5:4.